Futi Halianzii Thelathini na Moja

Siku ya tatu baada ya Mama kuhamishiwa wodi ya mazoezi, nilimwona akila nusu ya sahani. Sisemi alikula kidogo. Alikula nusu, kama mtu aliyechorewa mstari katikati. Viazi vya upande wa kulia vilikwisha, mboga ya upande wa kulia ilikwisha, na yai alilila mpaka pale lilipovuka mpaka, akaliacha. Upande wa kushoto chakula kilikuwa vilevile kilivyotoka jikoni. Akaweka kijiko chini, akajifuta mdomo, akasema, "Hospitali hii ina mkono wa birika. Hiki ni chakula cha kumlisha kifaranga."

Mimi ni kitinda mimba wake, na tangu utotoni nimechapwa kwa kosa moja tu: udadisi. Niliwahi kufungua redio ya jirani nione wale wanaoongea wanakaa wapi. Hata kazi niliyoipata ni ya masijala, kupokea mafaili na kuyapanga, na mkubwa wangu amekwisha kunionya mara mbili kwamba kupanga faili si kulisoma. Basi sikumbishia Mama. Niliishika sahani nikaigeuza nusu mzunguko, na chakula kilichobaki kikaja kulia.

Macho yakamtoka. "Eh! Wameniongezea?"

Akala chote. Nilicheka mpaka nesi akaja kutazama kuna nini. Nilijiona mwerevu kuliko hospitali nzima, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa kosa langu.

Mtaani kwetu watu hawamjui Mama kwa jina. Wanamwita Pima-Tena. Kwa miaka thelathini na minne ameshona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, na hajawahi kutia mkasi kwenye kitambaa kabla ya kukipima mara mbili. Wateja wenye haraka walimlalamikia, na yeye aliwajibu kwamba kitambaa hakina pole, ukishakikata umekikata. Kuna bwana harusi mmoja aliyepimwa mara tatu kwa suti moja, mpaka akauliza, "Fundi, unanishonea au unanichimbia kaburi?" Mama hakucheka. Alimwambia anyooshe mgongo.

Asubuhi moja aliinuka kwenye cherehani akaanguka. Kiharusi. Baada ya wiki mbili za dripu akahamishiwa jengo la nyuma, kwenye wodi ambayo watu hulazwa ili wafundishwe upya mambo waliyoyajua tangu utotoni. Mimi niliizunguka wodi ile kama mtu aliyeingia kiwandani kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na ngazi ya vipandio vinne inayopanda isifike popote. Kulikuwa na mlango uliosimama katikati ya chumba bila ukuta, na wagonjwa walipanga foleni kuufungua na kuufunga. Kulikuwa na jiko kamili, lenye sufuria na kabati la vikombe, ambako wazee waliowahi kuongoza ofisi walifundishwa kuchemsha maji.

Aliyemsimamia Mama alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mtaalamu wa mazoezi, ambaye sote tulimwita Mwalimu. Nilimuuliza maswali mpaka akavua miwani.

"Macho ya mama yako ni mazima," aliniambia. "Kilichoharibika ni ubongo. Ubongo wake umeacha kuuliza habari za kushoto. Kwake yeye kushoto hakuna giza. Hakuna kitu kabisa."

"Sasa yeye mwenyewe hajui?"

"Wewe unajua kilichoko nyuma ya kisogo chako sasa hivi? Na je, inakusumbua?"

Niligeuka kutazama. Alikuwa amenipata.

Kisha akatukabidhi karatasi ya maelekezo kwa familia. Ilisema tukae kushoto kwa mgonjwa, tuongee naye tukiwa kushoto, maji na simu viwe kushoto, na tusimletee vitu machoni; tumsubiri avitafute mwenyewe. Chini iliandikwa tarehe ya kikao, siku ya thelathini. Siku hiyo madaktari wangeamua moja kati ya mawili: Mama arudi kwake kwenye cherehani yake, au ahamie kwa Kaka, kifungua mimba wetu, anayeishi mji wa mbali kwenye ghorofa ya tatu. Kaka alikuwa amekwisha kupaka rangi chumba. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini mimi nilimjua Mama. Kumweka Pima-Tena ghorofa ya tatu bila cherehani ni kumwambia akae kitako asubiri kufa.

Karatasi ile mimi niliiweka juu ya kabati, nikaiwekea chupa ya chai. Baba aliichukua, akaisoma mara mbili, akaikunja akaiweka mfuko wa shati. Baba ni fundi umeme mstaafu. Amewaona wenzake wakirushwa na waya kwa sababu walidharau maelekezo, na yeye mwenyewe ana kovu jeupe kwenye kidole gumba lililomfunza adabu mapema. Ni mtu wa maneno machache, siku nyingine maneno yake yote kutwa ni "hodi" na "asante." Akavuta kiti, akakiweka kushoto kwa kitanda, akakaa.

Ndipo Mama alipoanza kumuulizia.

"Baba yenu yuko wapi? Mbona haji kuniona?"

"Mama, huyu hapa."

"Wapi?"

"Kushoto kwako."

"Kushoto kuna ukuta," alisema, bila hata kugeuka.

Baba alikohoa. "Fundi, umeamkaje?" Ndivyo alivyomwita siku zote.

Mama alinitazama mimi niliyekuwa kulia. "Nasikia sauti yake. Mmempigia simu? Mwambie aikate aje mwenyewe. Mimi si mteja wa kuulizwa hali kwa simu."

Nilitaka kucheka, nikamwona Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake. Siku iliyofuata alimsalimu tena, naye Mama akasema yale yale ya simu, kwa ukali zaidi. Baada ya hapo Baba hakumsalimu tena. Alikuja kila siku, saa ya kufunguliwa milango mpaka saa ya kufungwa, akakaa kwenye kiti kile kimya, na kila siku mkewe wa ndoa ya miaka arobaini aliniambia kwamba ameachwa.

"Baba, hamia huku kulia akuone," nilimsihi. "Dakika tano tu."

"Karatasi inasema kushoto."

"Karatasi haina moyo!"

"Hata waya hauna," alisema, "lakini ukiukosea unakuua."

Mimi nilikuwa na moyo, na moyo wangu ukaniponza. Niliendelea kugeuza sahani. Nikamfundisha Kaka alipokuja mwisho wa wiki, naye akageuza. Tukahamishia glasi kulia, simu kulia, viti vyetu vyote kulia. Mama akachangamka. Alipata kila alichokitaka, alimaliza chakula, na manesi wakaandika kwenye faili lake kwamba anakula vizuri. Najua waliandika hivyo kwa sababu nililisoma. Baba alitutazama toka upande wake, akatikisa kichwa tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tulikuwa na mkuu hapo hapo, ameketi kitini.

Siku ya kumi na nne Mwalimu aliniita kwenye chumba chake. Mezani aliweka karatasi mbili. Moja ilikuwa ya chakula: amemaliza, amemaliza, amemaliza. Ya pili ilikuwa saa ya ukutani aliyoichora Mama asubuhi ile. Duara lilikuwa zuri, la mkono wa fundi, lakini namba zote kumi na mbili zilikuwa zimejibana upande wa kulia, zikipandiana juu kama abiria waliokimbia mvua. Kushoto kulikuwa kweupe.

"Mtu anayechora hivi hawezi kumaliza sahani," alisema. "Nani anaigeuza?"

Nikasema, "Mimi."

Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Siku kumi na moja umemfundisha kwamba kushoto hakuhitajiki. Kila alichokikosa kilimfuata chenyewe. Sasa nikuambie kitu. Kikaoni hatumwogopi sana mgonjwa asiyeweza jambo. Tunamwogopa anayesema hana tatizo. Huyo ndiye atakayewasha jiko aunguze mkono asiojua uko wapi. Mama yako kila nikimuuliza ananiambia ni mzima kama kengele. Zimebaki siku kumi na sita."

Nilitoka pale nikakaa kwenye ile ngazi isiyofika popote, nikalia. Nilikuwa nimemuibia Mama siku kumi na moja, tena kwa mapenzi.

Kesho yake Mwalimu alitukusanya mimi na Baba. "Nahitaji kitu ambacho yeye mwenyewe atakitafuta," alisema. "Mwili una mazoea ya zamani kuliko ugonjwa. Niambieni, alikuwa anaanzaje kazi yake?"

Nilifungua mdomo. Nimekulia chini ya meza ile ya kukatia vitambaa, nimelala kwa mlio wa cherehani ile, na sikuwa na jibu. Anaanza tu! Anashona!

Baba ndiye aliyejibu. "Anaanza na futi. Kile kichwa cha bati, pale kwenye sifuri. Anakibana kwa kidole gumba cha kushoto, ndiyo anavuta kulia. Hapimi mpaka akiguse. Anasema ukipima bila kushika mwanzo, unapima upepo."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akiyasema kwa pamoja. Mwalimu aliyaandika yote.

Jioni nilienda nyumbani, nikalichukua lile futi la kitambaa lililokuwa limening'inia kwenye cherehani tangu asubuhi ile ya kuanguka. Siku iliyofuata Mwalimu alilibandika kwenye ukingo wa meza ya mazoezi, sifuri ikiwa kushoto kabisa, namba zikienda kulia. Mama aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alipoliona uso wake ulibadilika.

"Hili ni futi langu."

"Ndiyo, Fundi," Mwalimu alisema. "Nataka kupima meza. Nionyeshe linapoanzia."

Mkono wa kulia wa Mama ulitambaa kwenye namba. Hamsini. Arobaini na tano. Arobaini. Ukafika thelathini na moja ukasimama. Alikunja uso. Akarudi arobaini, akashuka tena mpaka thelathini na moja.

"Nani amekata futi langu?"

Mwalimu alinitazama kwa jicho la kuniambia niume ulimi, na nikauuma kweli.

"Nimeuliza, nani amekata futi langu? Nimelitunza miaka kumi na tisa! Ni wewe," akaninyooshea kidole, "wewe na mkasi wako wa kuchezea vitu vya watu!"

"Sijalikata, Mama."

"Basi sifuri iko wapi? Futi halianzii thelathini na moja! Kabla ya thelathini na moja lazima kuwe na thelathini!"

Akasukuma kidole. Kilisogea kama kilicho kwenye maji mazito. "Thelathini," alisema. Akapumua. "Ishirini na tisa. Imo." Shingo yake iligeuka kidogo, upana wa ukucha. Alifika ishirini na sita, jasho limemtoka, akasema amechoka. Mwalimu akapiga makofi kama mtu wa mpirani, nami nikajiunga bila aibu.

Tangu siku hiyo futi lilibandikwa kila mahali: mezani, kwenye sinia la chakula, kwenye reli ya kitanda. Hakuna aliyegeuza sahani. Siku nyingine chakula kilirudi nusu, na nilimtazama Mama akilala na njaa huku mikono yangu nimeikalia. Siku ya kumi na nane alifika kumi na tisa. Siku ya ishirini na moja akafika kumi na mbili. Alikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyokuwa dawa. Kila namba iliyopatikana ilimwambia kuna nyingine imefichwa nyuma yake, na yeye hakuwa mtu wa kuibiwa sentimita. Bado alimuulizia Baba. Bado Baba alikaa palepale, na safari hii Mwalimu alimpa kazi: ashike kichwa cha bati kisiteleze.

Siku ya ishirini na nne, baada ya chai ya asubuhi, Mama alishuka kwenye futi kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba asiyoijua. Tisa. Nane. Saba. Alisimama kwenye tano kwa muda mrefu. "Nne," alisema. "Tatu. Mbili." Kisha kidole chake kikagusa ukucha.

Alitazama. Juu ya sifuri palikuwa na kidole gumba chenye kovu jeupe.

"Kidole hiki nakijua," alisema polepole.

Akakifuata. Kiganja, kifundo cha mkono, mkono wa shati, bega. Shingo yake ilizunguka zaidi kuliko ilivyowahi kuzunguka tangu augue, mpaka akaufikia uso wa Baba.

"Umekuja lini?" Mama aliuliza.

"Sijaondoka, Fundi."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote."

Alimtazama kwa muda ambao sikuweza kuupima. Mimi nilikuwa nimeanza kulia kwa furaha, na Mwalimu naye anafuta miwani isiyokuwa na vumbi. Ndipo macho ya Mama yaliposhuka. Kando ya mkono wa Baba, kwenye mapaja ya Mama mwenyewe, palikuwa na mkono mwingine, umelala kiganja juu, vidole vimejikunja.

"Na huu ni wa nani?"

"Huo ni wako," Baba alisema.

Aliuinua kwa mkono wa kulia, akauachia. Ukaanguka. Akauinua tena, ukaanguka tena. Akamwambia Mwalimu amrudishe kitandani.

Siku mbili hakusema na mtu. Chakula alikiona chote, kushoto na kulia, na hakukigusa. Nikawaza mambo ambayo bado nayawaza. Yule aliyekuwa anakula nusu sahani na kulaumu jikoni alikuwa na furaha; huyu aliyepata sahani nzima alikuwa amegeukia ukuta. Je, tumemtendea wema? Nilimuuliza Mwalimu. Alisema, "Sijawahi kumwona mtu akirudi nyumbani bila kupitia hapo." Baba alikaa kitini. Siku ya tatu Mama akaomba uji, na akaomba apewe mkono wake wa kushoto aushike.

Siku ya thelathini tuliingia kwenye chumba cha kikao: daktari mkuu, Mwalimu, nesi, Kaka aliyesafiri tangu alfajiri, Baba na mimi. Mwalimu alisoma ripoti yake. Sahani anaimaliza siku nyingi. Kuvaa anahitaji msaada. Wiki hii amegonga mlango kwa bega la kushoto mara mbili. Kila sentensi ilinipandisha na kunishusha. Kisha daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, ukirudi nyumbani utafanya nini?"

"Nitashona."

Kaka alishusha pumzi ndefu. Mimi nilifumba macho. Nilijua tumekwisha.

"Lakini siwezi kushona peke yangu," Mama aliendelea. "Kushoto kwangu kunanitoroka. Nikikukumbuka kunarudi, nikisahau kunaondoka, na kukiondoka sijui kwamba kumeondoka. Kwa hiyo jiko nisiachiwe. Mlangoni nitagonga, mtanisamehe. Na mkono huu," akaushika kwa mkono wa pili, "hautashika kitambaa tena. Nimeuomba, umekataa. Nitatia nguvu kulia. Ila nahitaji mtu wa kukaa upande huu."

"Mama, kwangu watu wapo," Kaka alisema. "Mke wangu yupo, watoto wapo, kila saa utakuwa na mtu."

"Najua, mwanangu, na Mungu awabariki. Kwako kuna watu wa kunibeba. Mimi nimesema wa kukaa."

Akaanza kugeuza shingo. Alimpita daktari, akamvuka Mwalimu, akasimama kwangu kidogo kama anayevuta nguvu, akaendelea mpaka akamfikia Baba.

"Utaweza?"

Baba aliitikia kwa kichwa.

"Hapana, sema. Kichwa nitakikosa. Ukinyamaza, mimi nitasema tena umeniacha, na nitakuwa nasema kweli yangu. Itabidi uongee, Mzee. Kila siku, kutwa nzima. Utaweza?"

Baba yangu alimposa Mama kwa kumtuma shangazi kwa sababu maneno yalimshinda.

"Nitaweza," alisema.

Daktari akachukua kalamu akaandika "nyumbani kwake," nami nilichungulia nikayasoma juu chini.

Ni miezi mitano sasa. Mama anashona pindo na mishono iliyonyooka. Kola na mifuko amewaachia mafundi wengine, na siku anayokumbuka alivyokuwa anazishona mwenyewe hatutaki kuwa karibu. Baba anakaa kushoto kwa cherehani, anashika kitambaa na kuongea. Mwanzo alikosa la kusema, akawa anasoma maandishi ya kwenye boksi la nyuzi. Sasa anamsimulia wanaopita barabarani, mvua inayokuja, waya uliofungwa vibaya kwenye nguzo ya jirani, mambo ya ujana wake ambayo mimi na Kaka hatukuwahi kuyasikia. Juzi nilimkuta amekaukiwa sauti, amenyamaza anywe maji, na Mama amesimamisha gurudumu la cherehani, anatazama kulia kwenye ukuta mtupu.

"Mzee?" aliita. "Mzee, uko wapi?"

Baba alimeza maji upesi. "Niko hapa, Fundi," alisema, na akaendelea pale alipoachia.